Somo: Namna ya kumtumia mshauri wako wa masomo chuoni kabla mambo hayajaharibika

Vyuo vikuu vingi hapa Tanzania humpangia kila mwanafunzi mhadhiri wa kumshauri kimasomo. Orodha hubandikwa kwenye ubao wa idara mwanzoni mwa mwaka, halafu inasahaulika. Mimi ni mhadhiri, na kila mwaka napewa wanafunzi wa kuwashauri. Kinachoniuma ni kwamba wanaogonga mlango mapema ni wale ambao tayari wana B+ na A. Mwenye shida huja sapu (mitihani ya marudio kwa waliofeli kozi) zikiwa zimeshatoka, na hapo kazi yangu inabaki kumsomea kanuni. Wiki ya nne ya muhula ningeweza kumsaidia. Wiki ya kumi na saba siwezi.

Kwa hiyo nimeandika hatua ninazotamani kila mwanafunzi azifuate. Maswali yenu nimeyajibu chini.

Hatua ya 1: Jua ofisi ipi inashughulika na nini

Mshauri wa masomo ni mhadhiri wa idara yako. Usimchanganye na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambayo inashughulikia malazi, nidhamu, ugonjwa, msiba na migogoro ya hosteli. Bumu, yaani fedha za mkopo, likichelewa, nenda kwa afisa mikopo wa chuo. Alama ikikosekana, anza na mwalimu wa kozi, kisha mratibu wa mitihani wa idara. Wanafunzi wengi huzungushwa siku nzima kwa sababu tu walianzia mlango usio wenyewe.

Kwa mshauri wa masomo unapeleka haya: kozi gani uchague, mzigo wa masomo, mwenendo wa GPA (wastani wa pointi za matokeo yako), kuhama programu, kuahirisha masomo, na unakotaka kwenda baada ya shahada.

Hatua ya 2: Soma kanuni za mitihani za chuo chako

Zimo kwenye prospektasi, kitabu cha mwongozo cha chuo. Huna haja ya kuisoma yote. Tafuta mambo manne: kiwango cha kosiweki (alama za majaribio na asaimenti za muhula) kinachokuruhusu kukaa UE (mtihani wa mwisho wa muhula), mahudhurio yanayotakiwa, ni katika hali gani unapewa sapu, na ni katika hali gani unadisko, yaani unaondolewa chuoni kwa kufeli. Vyuo vinatofautiana hapa, kwa hiyo usichukue kanuni za rafiki yako wa chuo kingine. Ukurasa wenye mambo hayo upige picha, ukae kwenye simu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya GPA yako mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Mfumo unaotumika katika vyuo vingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kikiwamo, ni huu: A ni alama 70 hadi 100 na ina pointi 5. B+ ni 60 hadi 69, pointi 4. B ni 50 hadi 59, pointi 3. C ni 40 hadi 49, pointi 2. D ni 35 hadi 39, pointi 1. Chini ya hapo ni E, pointi sifuri.

Pointi za kila kozi unazizidisha kwa krediti (kipimo cha uzito) za kozi hiyo, unajumlisha zote, kisha unagawanya kwa jumla ya krediti. Tuchukue muhula wenye krediti 60:

Kozi ya kwanza, krediti 12, umepata A: 12 × 5 = 60
Kozi ya pili, krediti 12, B+: 12 × 4 = 48
Kozi ya tatu, krediti 12, B: 12 × 3 = 36
Kozi ya nne, krediti 8, C: 8 × 2 = 16
Kozi ya tano, krediti 16, B: 16 × 3 = 48

Jumla ni 208. Gawanya kwa 60 unapata 3.46. Utaratibu uliozoeleka ni kukata baada ya desimali ya kwanza bila kupandisha, kwa hiyo hiyo ni 3.4. Na 3.4 ni daraja la pili la chini, kwa sababu la juu linaanzia 3.5 hadi 4.3. Daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu, la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na ufaulu wa kawaida ni 2.0 hadi 2.6.

Sasa angalia kozi ya tano. Ukipandisha B hiyo kuwa B+, jumla inakuwa 224 na GPA inafika 3.73, yaani 3.7. Ukipandisha ile ya krediti 8 kutoka C hadi B, unapata 216, GPA 3.6. Daraja moja tu limepanda katika kila kozi, lakini faida si sawa. Nimeona wanafunzi wakikesha wiki nzima kwa asaimenti ya kozi ya krediti 8 huku kozi ya krediti 16 ikiwasubiri bila kuguswa. Jua uzito wa kila kozi tangu wiki ya kwanza.

Krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi: mihadhara, semina, maabara, kusoma peke yako na mitihani. Krediti 60 ni saa 600. Kwa muhula wa wiki 15, hizo ni saa 40 kila wiki. Mwanafunzi anayeniambia anasoma sana, huwa namwomba aniandikie wiki yake iliyopita, siku kwa siku. Mara nyingi anaishia kwenye saa 20 na anashangaa mwenyewe.

Hatua ya 4: Omba miadi kwa ujumbe unaojibika

Ujumbe wa "Habari mwalimu, upo ofisini?" hunipita kama nipo darasani. Andika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni (jina), mwaka wa pili Uchumi, namba ya usajili (namba). Naomba dakika 20 wiki hii, Jumatano mchana au Alhamisi asubuhi. Nahitaji ushauri juu ya mambo mawili: kozi ya hiari ya muhula ujao, na namna ya kufikia GPA ya 3.5. Nimeambatisha matokeo yangu."

Mwalimu akiusoma huo anajua afungue nini kabla hujafika.

Hatua ya 5: Ukiingia, sema ukweli wote

"Nitajitahidi, mwalimu" haimpi mshauri pa kushika. Kama unaendesha bodaboda usiku ili ulipe ada, sema. Kama hesabu za mwaka wa kwanza hukuzielewa na sasa kozi za mwaka wa pili zinazitegemea, sema. Kama kozi hii ulipangiwa tu na moyo wako hauko hapo, sema pia. Binti mmoja alikuja kwangu akilalamikia takwimu. Tulipozungumza ikaonekana hakuwa na kompyuta, na mazoezi yote ya kozi ile yalikuwa ya kompyuta. Hakuhitaji masomo ya ziada. Alihitaji ratiba ya maabara ya idara na ruhusa ya kukaa humo hadi saa mbili usiku.

Usitoke bila kujua mambo mawili: utafanya nini, na mpaka lini.

Hatua ya 6: Jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe

Mistari mitatu inatosha: asante, tulikubaliana hivi, nitarudi tarehe fulani. Wahadhiri huenda masomoni, huhamishwa, na washauri hubadilishwa. Maandishi hayo yatakulinda siku utakapoulizwa nani alikuruhusu kuacha kozi fulani.

MASWALI YENU

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza mwaka wa pili nikiwa na GPA ya 3.2. Naweza kufika 3.5 nikimaliza? Programu yetu ni ya miaka mitatu.

Marahaba. Tupige hesabu. Miaka miwili ni krediti 240. Mara 3.2 ni pointi 768. Kumaliza na 3.5 kwa krediti 360 unahitaji pointi 1,260. Zinabaki 492 za kupata kwa krediti 120, yaani wastani wa 4.1 mwaka wa tatu. Maana yake B+ karibu kila kozi, A chache, na usipate C hata moja isiyofidiwa na A mbili. Inawezekana, na nimewaona waliofanya. Ila chagua kozi zako za hiari kwa uangalifu mkubwa, na andiko la utafiti lianze mapema, maana krediti zake huwa nyingi.

Mwalimu, kuna ubaya gani kuchagua kozi za hiari ambazo watu wanasema ni laini? Lengo si GPA?

GPA ni muhimu, sikatai. Ukitaka kuwa mkufunzi msaidizi katika chuo cha umma, kiwango kinachotakiwa ni 3.8. Ukitaka shahada ya uzamili, kwa kawaida huanzia 2.7. Lakini fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwenye kazi unayoitamani, usome sifa zinazotakiwa. Anayesoma uhasibu aangalie pia NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kwa sababu msamaha wa baadhi ya mitihani yao hutegemea ulichosoma. Mwalimu mtarajiwa aangalie masomo yake mawili ya kufundishia yasivurugike. Ikibaki nafasi baada ya hapo, chukua hiyo laini kwa amani.

Nina sapu mbili. Nimeambiwa hata nikipata 80 itaandikwa C. Ni kweli?

Ndiyo, huo ndio utaratibu wa vyuo vingi. Sapu ukifaulu unapewa C, pointi 2. Ndiyo maana nasisitiza wiki ya nne. Kwa sasa usihangaike na GPA, hangaika na kuvuka mwaka. Tafuta mwalimu wa kila kozi, umwombe akuonyeshe ni mada zipi zilikuangusha, na urudie karatasi za miaka iliyopita ukiwa na saa mezani. Kama una mkopo, kumbuka Bodi ya Mikopo inaendelea kumlipa mwanafunzi aliyefaulu kuingia mwaka unaofuata.

Mimi ni mjamzito, nitajifungua karibu na UE. Nafanyaje? Naogopa kusema.

Dada, hongera, na usiogope. Kuomba kuahirisha mitihani au masomo kumo kwenye kanuni, lakini ombi linaandikwa kabla ya mtihani. Ukikosa mtihani bila taarifa utahesabika umetoroka, na kulirekebisha hilo ni kazi ngumu sana. Chukua cheti cha daktari kutoka hospitali inayotambuliwa na chuo, mwone mshauri wako wa masomo wiki hii, kisha Mshauri wa Wanafunzi. Subiri barua ya kukubaliwa, usiridhike na kuambiwa kwa mdomo. Nakala yake mpelekee afisa mikopo, maana utaihitaji siku ya kurudi. Kama unajisikia vizuri zaidi kuongea na mhadhiri mwanamke, omba, na hakuna mwenye moyo mwema atakayekukatalia.

Nimepangiwa Ualimu, mimi nataka Sheria. Nikihama mkopo unapotea?

Kwanza angalia kama una sifa za kuingia Sheria zilizo kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), na kama nafasi zipo. Dirisha la kuhama hufunguliwa wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza na halikai muda mrefu. Kuhusu mkopo, wasiliana na afisa mikopo kabla ya kusaini chochote, ili uhamisho wako upelekwe rasmi Bodi ya Mikopo. Wanaokwama ni wale wanaohama kimyakimya na kusajiliwa kwingine huku jina lao Bodi likiwa bado kule walikotoka.

Mshauri niliyepangiwa hapatikani. Nimekwenda mara nyingi.

Pole. Tuma barua pepe ili iwepo kumbukumbu, subiri siku chache za kazi, kisha nenda kwa mkuu wa idara umwombe akubadilishie. Omba kwa adabu, bila kumsema mtu. Ni ombi la kawaida. Wakati unasubiri, mwalimu yeyote wa kozi unayemwamini anaweza kukusikiliza.

Mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko mwaka wa pili na hataki kuniambia matokeo. Chuo kinaweza kunipa?

Mzazi wangu, matokeo yamo kwenye akaunti ya mwanafunzi, na chuo humchukulia kuwa mtu mzima. Usije chuoni bila yeye kujua, atajificha zaidi. Mwambie kwamba hata kama kuna sapu au amerudia mwaka, bado nyumbani ni kwao. Kisha mwombe mje pamoja kwa mshauri wake. Vijana wengi huficha kwa sababu ya ada ambayo mama aliuza kitu kuipata, na kimya hicho ndicho kinachowamaliza.

Niko Mombasa, huku hatuna GPA ya hivyo. Hatua hizi zinanifaa?

Zinafaa. Vyuo vingi vya Kenya hutumia wastani wa asilimia: 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini. Badilisha hesabu ya hatua ya tatu, mengine yafuate kama yalivyo.

Matokeo yanaonyesha sina kosiweki ya kozi moja, na mimi jaribio nilifanya. Naanzia wapi?

Anza leo. Matokeo huwa ya muda mpaka Seneti, chombo kikuu cha taaluma cha chuo, iyapitishe, na kabla ya hapo marekebisho ni rahisi zaidi. Tafuta karatasi ya jaribio iliyosahihishwa, asaimenti zako na ujumbe wowote wa kuthibitisha ulikuwepo. Mwone mwalimu wa kozi, umwombe aangalie orodha ya mahudhurio ya siku ya jaribio, maana ulisaini. Akikubali kuna kosa, mwombe aandike kwa mratibu wa mitihani wa idara, nawe upate nakala. Angalia pia kama namba yako ya usajili uliiandika sawasawa kwenye karatasi. Tarakimu moja ikikosewa, alama zako huenda kwa mtu mwingine au zinabaki bila mwenyewe.