"I'll" au "I'm going to"? Kwa madereva wanaopita Malaba

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, na madereva huniita dirishani niwasaidie Kiingereza. Pale sisi tunaposema "nita-" tu, Kiingereza kina njia kadhaa, na ofisa anasikia tofauti.

Ukiamua papo hapo, sema "I'll". Ofisa akikwambia nakala ya leseni haipo, jibu: "Sorry, I'll bring it now." Ukisema "I'm going to bring it", inasikika kana kwamba ulishajua haipo na mpango wa kuileta ulikuwa nao. Sasa mbona hukuja nayo?

Ukishapatana na mtu, tumia "I'm" na kitenzi chenye "-ing": "I'm offloading in Jinja tomorrow." Maana yake mwenye ghala anakusubiri. Kama hujaongea naye bado, "I'm going to offload in Jinja" inatosha. Nia unayo, miadi huna.

"I plan to" ni mpango unaoweza kubadilika. "I intend to" waachie wanaojaza fomu, ukiitamka dirishani utadhaniwa wakili.

"I meant to pay" itakuponza: ulitaka kulipa, hukulipa. Kama risiti unayo, sema "I've paid" uitoe.

"I'm about to" ni sasa hivi, mguu uko kwenye klachi. Lakini Mganda akikwambia "I'm coming" huku anaondoka, tulia, atarudi. Lini, hiyo sijui.