Kichungulio cha Bolex Reflex: kukipatanisha na jicho lako, na mambo ambayo hakitakuonyesha

Ukitia jicho kwenye kichungulio cha Bolex H16 Reflex, picha unayoiona imepita kwenye lenzi ileile inayopeleka picha kwenye filamu. Kwa sababu hiyo naipenda kamera hii kuliko nyingine zote za milimita 16, na hapo ndipo ninapoanzia kila ninapomfundisha mtu mpya hapa Lausanne, Uswisi. Waswahili wengi wa Ulaya wanazipata kamera hizi kwenye masoko ya vitu vya zamani au kwa wazee wanaohama nyumba. Wanajifunza upesi kupandisha mkanda, lakini kichungulio wanakitumia kama walivyokikuta. Basi naandika habari za kichungulio peke yake.

H16 za mwanzo, za mwaka 1935, zilikuwa na kichungulio cha ubavuni. Kilitazama kutoka sentimita kadhaa kando ya lenzi, kwa hiyo ukipiga mlima hukuona tofauti, ila ukimsogelea mtu hadi mita moja ilibidi ukirekebishe kwa umbali, la sivyo ungemkata sikio. Mwaka 1956 kampuni ya Paillard ya Sainte-Croix, mji mdogo kwenye milima ya Jura, ikatoa H16 Reflex. Jipya lilikuwa kipande cha prizimu, yaani kioo kinachogawa mwanga, nyuma ya lenzi na mbele ya shata, kizibo kinachozunguka kufungulia na kufungia filamu mwanga. Prizimu hiyo huchukua karibu robo ya mwanga na kuupandisha juu kwenye kioo cha ukungu, na kutoka hapo picha hupitishwa kwenye bomba hadi kwenye jicho lako. Mwanga uliobaki hunyooka kwenda kwenye filamu.

Shika hilo la prizimu kukaa mbele ya shata, maana karibu kila nitakalosema linatoka hapo. Kamera ya Arriflex, iliyotangulia mwaka 1937, ilifuata njia nyingine: kioo kiko kwenye shata yenyewe na kinazunguka nayo, hivyo jicho na filamu hupokezana mwanga. Filamu haipunjwi, ila picha kwenye kichungulio hupepesa kamera inapokwenda. Kwenye Bolex, jicho na filamu hugawana mwanga muda wote. Picha yako imetulia tangu unabonyeza hadi unaachia, na kwa kumfuata mtoto anayekimbia sijaona kitu kizuri zaidi. Gharama yake ni kwamba filamu inapata mwanga pungufu, na kichungulio kitaendelea kukuonyesha picha nzuri hata kama shata imefungwa kabisa. Nitarudi huko.

Kwanza jicho, lenzi baadaye

Picha kutoka kwenye lenzi inatua kwenye kioo cha ukungu, na jicho lako linakitazama kioo hicho kupitia kioo cha kukuzia. Kama jicho na kioo cha ukungu havijapatana, utazungusha fokasi ya lenzi ili kufidia jicho lako, na filamu haina jicho lako. Utaona picha kali kwenye kichungulio, kisha upokee mkanda wenye nyuso za ukungu. Hatua hii haipiti dakika tano, nami simruhusu mwanafunzi kugusa mkanda kabla hajaimaliza.

Fanya kazi hii kamera ikiwa tupu. Toa lenzi, au iache lakini ufungue tundu lake la kupitishia mwanga hadi mwisho na kuzungusha fokasi mpaka kila kitu kipotee. Elekeza kamera mahali peupe palipo sawasawa: ukuta, au mbingu yenye mawingu, kamwe si jua. Mimi hupenda asubuhi za Novemba, ukungu unapofunika ziwa Léman, kwa kuwa hakuna chochote cha kulivuta jicho. Legeza pete ya kukazia iliyo kwenye kipande cha jicho, kisha kizungushe kipande chenyewe polepole.

Usitafute mandhari. Tafuta chembechembe za kioo cha ukungu chenyewe. Mwanzoni utaona weupe mtupu, halafu chembe zitajitokeza kama unga wa sembe uliomwagika juu ya meza nyeusi. Endelea mpaka kila chembe iwe na ukingo wake. Pitiliza kidogo hadi zififie, urudi, kisha uache pale zilipokuwa kali zaidi. Sasa toa jicho, tazama mbali, hesabu hadi kumi, urudi kuchungulia. Jicho, hasa la kijana, hujirekebisha lenyewe bila wewe kujua, na ukilikazia kwenye kitu kilekile kwa muda mrefu litakubali kitu ambacho baada ya mapumziko litakikataa. Chembe zikiwa bado kali, kaza pete ukiwa umekishika kipande cha jicho kisisogee, halafu chungulia mara ya mwisho, kwa sababu kukaza nako huweza kukisogeza.

Mwenye miwani aamue mapema atapiga nayo au bila nayo, asibadilishe katikati ya kazi. Binafsi nawashauri waivue ikiwa wanaona mbali au karibu tu, kwa sababu jicho likikaribia mpira wa kichungulio linaona pembe zote nne za fremu, na mwanga wa pembeni hauingii. Mwenye tatizo la jicho linaloona mistari ya wima na ya ulalo kwa tofauti abaki na miwani yake. Kipande cha jicho hakiwezi kurekebisha hilo. Kamera ikitumiwa na watu wawili, kila mmoja aweke alama yake kwa kalamu ya rangi kwenye pete. Kwenye kamera ya darasa letu kuna alama nyekundu, ya njano na ya bluu, na kila mtu anaijua yake.

Lenzi zenye herufi RX

Prizimu ni kipande kinene cha kioo, na mwanga ukipita kwenye kioo kinene njia yake hubadilika. Kwa hiyo lenzi fupi za kamera hii zilikokotolewa upya zikiihesabu prizimu, nazo zimeandikwa RX: Switar ya milimita 10, ya 16, ya 25. Lenzi ya kawaida ya milimita 25 yenye skrubu ya C (aina ya kifungio cha lenzi cha kamera hizi) itaingia bila taabu na kichungulio kitakuonyesha picha. Lakini ukifungua tundu lake sana, picha itakuwa laini na yenye weupe unaovuja kwenye kingo. Ukilifunga hadi f/5.6 au zaidi (namba ya f ikikua, tundu hupungua), kasoro hupungua sana. Kuanzia milimita 50 kwenda juu tofauti ni ndogo mno, tumia yoyote. Wala usiipeleke lenzi ya RX kwenye kamera isiyo na prizimu ukategemea ubora uleule.

Zungusha bamba la lenzi, lile linalobeba lenzi kadhaa mbele ya kamera, mpaka usikie limekaa. Ukifunga zumu nzito, tumia kizuizi cha bamba kama unacho, kwa sababu uzito huliinamisha, na upande mmoja wa picha hupoteza fokasi. Halafu kuna kishikio chembamba cha filta ya jelatini kinachochomekwa nyuma ya lenzi. Kiwepo daima, hata kikiwa hakina filta. Kikitolewa, uwazi wake huingiza mwanga.

Kupata fokasi na kuishika

Fungua tundu la lenzi hadi mwisho. Kama umefunga filta ya kupunguza mwanga mbele ya lenzi, iondoe kwa muda. Sasa kina cha picha ni kifupi na kichungulio kina mwanga wa kutosha, kwa hiyo jicho lina kitu cha kuamulia. Zungusha fokasi ukipita pande zote mbili za ukali kama ulivyofanya na chembe, kisha tulia katikati. Kwa mtu, tafuta mstari wa kope. Ngozi ya shavu haina ukingo wa kuaminika. Ukitumia zumu, ivute hadi mwisho wake mrefu, pata fokasi huko, ndipo urudi kwenye upana unaoutaka. Zumu fupi hukudanganya kwamba kila kitu ni kikali.

Baada ya hapo rudisha tundu kwenye kipimo chako. Wengi hushtuka hapa, kwa sababu kwenye f/11 kichungulio cha Bolex kinakuwa giza. Hakijaharibika: umekipa robo ya mwanga mdogo sana. Jizoeze kuitumia picha hiyo ya giza kwa kupanga fremu tu. Fokasi umekwisha kuiweka. Ukiwa juani na filamu ya Kodak 50D, ya mwanga wa mchana na isiyohisi mwanga sana, utajikuta kati ya f/11 na f/16. Filta ya kupunguza mwanga ya ND 0.6 inakurudisha stopu mbili nyuma (kila stopu ni mwanga maradufu au nusu yake), karibu na f/5.6. Kichungulio hakitang'aa zaidi, kwani filta imechukua ulichofungua, ila mandhari ya nyuma yatalainika na uso utajitenga nayo. Hiyo ni picha ninayoipenda.

Pamoja na kichungulio, beba utepe wa fundi cherehani. Wa kwangu umefungwa kwenye mguu wa tripodi. Pima kutoka mahali filamu inapopita ndani ya kamera, si kutoka kwenye ncha ya lenzi, kisha linganisha na namba kwenye lenzi. Kichungulio kikiafikiana na utepe, endelea. Vikipishana kidogo ukiwa umbali wa mita tano, usihangaike sana. Ukiwa mita moja na tundu limefunguka, simama utafute sababu kabla ya kubonyeza.

Ambayo kichungulio hakikuambii

Kwa fremu na fokasi, kichungulio hiki nakiamini. Kwa mwanga, usikiulize kitu. Jicho linazoea giza na linazoea ung'avu, na picha unayoiona haijapita kwenye shata. Kwa fremu 24 kwa sekunde, shata yenye uwazi wa digrii 133 inatoa takriban 1/65 ya sekunde. Ukijumlisha mwanga ulioibwa na prizimu, kipima-mwanga chako kiweke 1/80. Kwa fremu 18, shata inatoa karibu 1/50, nawe weka 1/60. Ukiandika 1/50 kwa mazoea ya kamera nyingine huku ukipiga fremu 24, kila picha itapungukiwa karibu theluthi mbili za stopu. Filamu ya negativu itavumilia kiasi, ya rivasal, inayotoa picha ya kuonyeshwa moja kwa moja, haitavumilia.

Kisha kikono cha shata inayobadilika. Kwenye kamera zilizo nacho, kinaweza kufunga shata nusu au kabisa, na kwenye kichungulio hakuna kitakachobadilika: mtu anacheka, mashua inapita, filamu haipati chochote. Kidole changu hukigusa kikono hicho kabla ya kila shoti, baada ya kutia springi ufunguo.

Uchafu nao una mipaka yake. Doa unaloliona likiwa kali kwenye kichungulio limekaa juu ya kioo cha ukungu, na halitatokea kwenye filamu. Unywele uliokwama kwenye geti, dirisha ambapo filamu hupokea picha, utatokea, ukicheza pembeni mwa picha mwanzo hadi mwisho, na kwenye kichungulio hutauona kamwe. Kwa hiyo safisha geti kila unapobadili mkanda, kwa brashi laini au kijiti cha mti, si chuma. Prizimu ipulizie hewa kwa pampu ya mkono tu. Vumbi lililoganda juu yake huweza kuonekana kama madoa laini ukifunga tundu sana, lakini alama ya kidole ni mbaya zaidi na kuiondoa ni kazi ya fundi.

Njia ya mwanga kwenye bomba ni ya kwenda na kurudi. Ukitoa jicho jua likiwa mgongoni pako, mwanga huingia kwa nyuma, hushuka hadi kwenye prizimu na kuifikia filamu. Ndiyo maana kuna kikono kidogo cha kufungia kichungulio. Kifunge unapojipiga mwenyewe, unapopiga fremu moja moja, na kila kamera inapokwenda bila jicho. Kama chako kimelegea, mkanda mweusi wa fundi umeme unatosha.

Mkanda wa majaribio

Panga vitabu vitano vikiwa vimesimama, kila kimoja sentimita 10 nyuma ya mwenzake na kidogo pembeni ili vyote vionekane. Cha katikati kiwe mita moja na nusu kutoka kwenye filamu. Funga milimita 25, fungua f/1.4 na upunguze taa za chumba mpaka kipima-mwanga kikubaliane nawe. Pata fokasi ya kitabu cha katikati kwa kichungulio, upige sekunde tano. Halafu iweke fokasi kwa utepe na namba za lenzi bila kuchungulia, upige tano nyingine. Kabla ya kila shoti, weka karatasi mbele ya kamera iliyoandikwa lenzi, tundu na njia uliyotumia.

Mkanda ukirudi kutoka maabara, utazame kwa kioo cha kukuzia. Kitabu cha katikati kikiwa kikali kwenye shoti zote mbili, kamera yako ni nzima. Shoti ya utepe ikiwa sahihi, lakini ya kichungulio ikaangukia kitabu kingine, rudia kulipatanisha jicho. Tatizo likibaki, prizimu au kioo cha ukungu kimesogea, mpelekee fundi wa Bolex pamoja na kipande hicho cha filamu, kitamwambia mengi kuliko maneno. Zikikosea zote mbili kwa kiasi kilekile, chunguza jinsi lenzi ilivyokaa na bamba lake. Mkanda wa mita 30 kwa fremu 24 ni dakika mbili na zaidi ya sekunde arobaini, na kujaribu lenzi tatu kwa namna hii ni nusu dakika tu, na karatasi zake juu. Mkanda uliobaki mpigie mtu unayempenda, kwa f/5.6, akiwa anafanya kazi ya mikono yake.