Kuchapa herufi Ꮃ ya Kicherokee bila kuiharibu

Ukinakili maandishi ya Kicherokee, lugha ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, na kukutana na herufi yenye umbo la W, usiguse W ya kibodi. Ile ni silabi "la", na msimbo wake katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ni U+13B3. W yetu ni U+0057. Jicho linaweza kuzichanganya, lakini kompyuta haiangalii umbo, inasoma namba. Neno lililochapwa kwa W halitapatikana ukilitafuta wala halitapangika sawasawa na mengine. Mtego ni uleule kwa Ꭰ (a) na D, Ꭱ (e) na R, Ꮋ (mi) na H. Wanaochapa tenzi kwa hati ya Kiarabu hapa Tanga wanaujua: kafu (herufi ya k) ya Kiarabu ni U+0643, ya Kiajemi ni U+06A9, na katikati ya neno huwezi kuzitofautisha.

Maandishi ya Kicherokee yalibuniwa na Sequoyah, Mcherokee, huko Marekani, akayakamilisha mwaka 1821. Yaliingia Unicode toleo la 3.0, mwaka 1999, kuanzia U+13A0. Herufi ndogo zilikuja 2015 na nyingi zikawekwa mbali, kuanzia U+AB70. Ꮃ ndogo ni U+AB83. Kwa kazi ya kawaida tumia kubwa, kwa kuwa fonti za kabla ya 2015 hazina ndogo.

Katika Word, andika 13B3 kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Tanguliza nafasi, maana tarakimu au herufi a hadi f ikigusana na msimbo huo, Word huimeza kama sehemu yake na kukutolea kitu kingine. Nafasi utaifuta baadaye. LibreOffice hufuata njia hiyohiyo. Kwenye ukurasa wa wavuti andika Ꮃ au Ꮃ (namba ileile kwa desimali) na herufi itatokea.

Hifadhi faili kwa UTF-8, namna ya kuhifadhi namba za Unicode kwenye faili. Humo Ꮃ inachukua baiti tatu: E1 8E B3. Zinapatikana hivi: 13B3 kwa biti, yaani kwa sufuri na moja, ni 0001 001110 110011. Fungu la kwanza hutanguliziwa 1110, mawili yanayofuata kila moja hutanguliziwa 10.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na dalili tatu hazina dawa moja. Ukiona kijisanduku kitupu, herufi ipo salama, kinachokosekana ni fonti: weka Noto Sans Cherokee, au Gadugi inayokuja na Windows kuanzia toleo la 8. Ukiona áŽ³, baiti bado ni nzima ila programu imezisoma kwa Windows-1252, mfumo wa zamani wa herufi za Kilatini; funga bila kuhifadhi, ufungue upya kwa kuchagua UTF-8. Ukiona alama ya kuuliza, mara nyingi faili au hifadhidata imeshageuza herufi kuwa "?" halisi. Hiyo haifufuliwi na fonti yoyote. Rudi kwenye nakala ya awali. Ndiyo maana tunasisitiza nakala ya awali isiguswe kamwe.

Kama unapeleka kazi kwenye steshenari za Ngamiani, usibebe faili ya Word peke yake kwenye flashi. Kompyuta ya pale huenda haina fonti yako. Toa PDF kwanza, kwa kuwa hubeba fonti ndani yake, kisha ifungue kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Na ukituma herufi hii kwa SMS, ujumbe mmoja hushuka kutoka nafasi 160 hadi 70, hata ukiweka Ꮃ moja tu.

Kabla ya kuchapisha, weka kishale mara baada ya kila herufi unayoitilia shaka na ubonyeze tena Alt na X. Word itakuonyesha msimbo wake. Ikisema 13B3, bonyeza mara nyingine irudi kuwa herufi. Ikisema 0057, ifute na uichape upya.