Jinsi ya kupima ufahamu wa kusoma Kiingereza kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 14
Chagua kifungu wasichowahi kukisoma, cha maneno 250 hadi 300. Wakikwama kwenye zaidi ya maneno 5 katika kila 100, utakuwa unapima msamiati, tafuta kingine. Tunga maswali 8, angalau manne yakidai kung'amua lisilosemwa waziwazi. Hapo ndipo wengi hukosea: swali likiwa “Why did Anna leave?” na kifungu kinasema “Anna left because she was tired”, mwanafunzi atanakili tu bila kuelewa kitu. Badilisha maneno ya swali. Kisha mpe mwalimu mwenzako maswali bila kifungu. Swali atakalolijibu sawasawa, litupe, maana halihitaji kusoma kifungu. Unaposahihisha, usikate alama kwa makosa ya tahajia. Dakika 30 zinawatosha wanafunzi kusoma na kujibu.