Kijivu kwa kijivu: kujifungia redio mpya ya gari nyumbani

Redio ya kwanza niliyofunga kwenye gari ilidumu dakika moja. Gari lilikuwa la shemeji, mume wa mdogo wangu, na kazi nilijipendekeza mwenyewe. Nilitafuta kwa testa waya mmoja wenye umeme, nikauunga na waya wa njano na mwekundu wa redio mpya kwa pamoja. Zilizobaki nikazioanisha kwa macho. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na waya wa kijivu, kwenye mkia wa redio, lile fungu la nyaya linalotoka nyuma yake, kulikuwa na waya wa kijivu, nikasema hawa ni ndugu. Nilipofunga betri, redio ikawaka yenyewe kabla ufunguo haujaguswa. Hapo ndipo ningeshtuka. Badala yake nikafurahi, nikazungusha ufunguo, ikalia "tap", kikatoka kimoshi chembamba na harufu ile ambayo pua ikishaijua haiisahau. Shemeji, kwa adabu zake, akauliza, "Shemeji, ndivyo zinavyoanza?"

Kijivu cha gari lile kilikuwa umeme wa ufunguo, yaani unaokuja ufunguo ukizungushwa tu. Kijivu cha redio kilikuwa spika ya mbele kulia. Nilikuwa nimeingiza volti 12 mahali ambapo redio inatolea sauti. Redio ya pili niliinunua kwa pesa yangu, na hiyo ndiyo nitakayoeleza nilivyoifunga. Bisibisi kila mtu anajua kuizungusha, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye nyaya.

Kabla ya kununua, pima tundu. Redio za kawaida zina uso wa milimita 180 kwa 50, na zile za kioo kikubwa ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu la milimita 200 hivi kwa upana, kwa hiyo redio ya 180 inahitaji vipande vya kuziba pembeni, au ununue ya upana huo kabisa. Pima na kina. Kuna magari ambayo mabomba ya hewa ya feni yanapita nyuma ya tundu, na redio ndefu inagoma sentimita mbili kabla ya kukaa. Ukipata plagi ya kati iliyotengenezwa kwa gari lako, ichukue bila kujiuliza. Upande mmoja unaingia kwenye plagi ya gari, upande wa pili unaunganishwa na mkia wa redio. Faida yake ni kwamba hukati hata waya mmoja wa gari. Mtu aliyekata plagi ya gari ili "kurahisisha kazi" amemwachia fundi mwingine fumbo.

Siku ya kazi, paki mahali tambarare, vuta breki ya mkono na weka vizuizi kwenye magurudumu. Kama gari ni la otomatiki na paneli inapita juu ya gia, shusha gia sasa hivi, umeme ukiwa bado upo. Ukishatoa betri huenda gia ikakataa kutoka kwenye P. Mimi nilikumbuka hilo nikiwa nimeshafungua kila kitu. Kama redio ya zamani ina namba ya siri, iandike mahali. Kisha toa waya wa hasi wa betri, hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hukuzipangia.

Kufungua paneli ni kazi ya subira. Tumia vijiti vya plastiki, si bisibisi, maana bisibisi inaacha kovu. Skrubu zinapenda kujificha nyuma ya kisahani cha majivu, chini ya kifuniko kidogo, au ndani ya kisanduku cha kati. Ukiona paneli haitoki, usiongeze nguvu, tafuta skrubu. Zikiisha skrubu, vuta kwa mikono miwili karibu na klipu, itatoka kwa mlio unaotisha lakini wa kawaida. Tandika kitambaa juu ya gia. Plagi za rangi ya njano zinazohusu mifuko ya hewa usiziguse kabisa. Na kama paneli ina swichi au taa zake, zirudishe kwenye plagi kabla ya kuwasha ufunguo kwa ajili ya kupima, vinginevyo taa ya onyo inaweza kuwaka na ukabaki na deni jingine.

Redio ya zamani ikishatoka, usiunge chochote bado.

Redio za dukani zimezoea rangi zake. Njano ni umeme wa kudumu, unaoshikilia kumbukumbu na saa. Nyekundu ni umeme wa ufunguo. Nyeusi ni ethi, yaani waya unaokwenda kwenye chuma cha bodi. Bluu ni antena, na bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya. Rangi ya chungwa inafuata taa za gari. Spika zinakuja mbilimbili: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila mmoja ana pacha wake wenye mstari mweusi, ambaye ndiye hasi. Soma hata hivyo kibandiko kilichoko juu ya redio yako.

Gari nalo lina rangi zake, na haziulizi redio. Kwenye Toyota nyingi za zamani, umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo ni kijivu, na ethi ni kahawia. Halafu ile plagi ndogo ya pini 6, ya spika za nyuma, ina nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano. Yaani rangi zote tatu ambazo redio inazitumia kwa umeme, gari limezipa spika. Anayeunga kwa rangi hapo ameshapotea kabla hajaanza.

Kwa hiyo, mita ya umeme. Ya bei ndogo inatosha. Rudisha waya wa hasi wa betri, hakikisha hakuna ncha za nyaya zinazogusana, na weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha nyeusi ya mita ishike chuma kitupu cha bodi, kisichopakwa rangi. Ncha nyekundu ipeleke kwenye pini moja moja ya plagi ya gari. Ufunguo ukiwa nje kabisa, pini inayosoma 12 na kitu ndiyo umeme wa kudumu. Weka ufunguo kwenye ACC, ile hatua ya kuwasha redio bila injini: pini iliyokuwa sifuri na sasa inasoma 12 ndiyo umeme wa ufunguo. Washa taa ndogo: inayoamka hapo ni ya mwanga. Kila ukipata moja, ibandike karatasi yenye jina lake. Mimi niliandika "DAIMA", "FUNGUO", "TAA", na mdogo wangu akapita akasema, "Dada, umefungua duka la vibandiko?"

Kisha toa tena betri na geuza mita kwenye upande wa ukinzani, ule unaolia. Pini inayolia na bodi ni ethi. Pini mbili zinazosoma omu 3 au 4 kati yao, na hakuna hata moja inayosoma na bodi, ni spika. Kujua ni spika ipi, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusa jozi hiyo kwa sekunde moja tu, na mtu akae ndani asikilize. Mlangoni kutalia "krr". Kama unaweza kuiona ngozi ya spika, angalia inakokwenda: ikitoka nje, upande wa chanya wa betri uko kwenye chanya ya spika. Shemeji ndiye aliyekuwa akisikiliza, na alijibu kwa utii wa askari: "Nyuma kushoto, shemeji! Imetoka nje!" Lakini kama jozi hazisomi omu 3 au 4 kabisa, huenda gari lina amplifaya yake iliyojificha. Hapo usiguse kwa betri. Tafuta mchoro wa nyaya wa gari hilo hasa.

Jambo moja la spika ambalo sitaacha kulisema. Hasi ya spika si ethi. Usiipeleke kwenye bodi, wala usiziunge hasi za spika mbili pamoja ili kuokoa waya. Redio za sasa zinasukuma umeme kwenye ncha zote mbili za spika, na ukigusisha mojawapo na chuma, unaua redio kama mimi, kwa njia nyingine tu.

Uungaji ufanyie mezani, si umejikunja ndani ya gari na tochi mdomoni. Plagi ya kati na mkia wa redio viko mkononi mwako, mwanga ni mzuri, chai inapoa taratibu. Vua waya sentimita moja. Kabla ya kuunga, ingiza kimpira cha kubana kwa joto. Nimesahau hatua hiyo mara nyingi kiasi kwamba sasa nakata vimpira vyote kwanza na kuvipanga kwenye mstari. Nyonga nyaya pamoja, tia risasi kwa pasi ya kulehemu, telezesha kimpira, pasha moto. Kama huna pasi, tumia vile vifungo vya kubana kwa koleo lake, halafu vuta kila kiungo kwa nguvu. Kikitoka mkononi, bora kimetoka sasa. Kunyonga tu na kuzungushia tepu ya umeme sikubaliani nako. Joto la dashibodi linalainisha gundi, tepu inafunguka kama bandeji ya mtoto, na miezi michache baadaye nyaya zinagusana gizani. Nyaya zisizotumika, kila moja izibwe ncha yake peke yake.

Umeme mwekundu usiupeleke kwenye waya wa kudumu hata kama redio inawaka vizuri. Ndilo kosa langu lile jingine: redio haizimiki kwa ufunguo, na betri inaisha gari likiwa limelala. Ukifanya kinyume, au njano na nyekundu zikipishana, jambo linalotokea katika baadhi ya magari ya Ulaya hata kwa plagi zinazoingia bila kulazimisha, redio itasahau stesheni zake kila unapozima.

Bluu watu wengi wanaiacha. Kama antena ya gari lako iko kwenye kioo au ni ile fupi ya juu ya paa, huenda ina kiongeza nguvu kinachohitaji volti 12. Bila waya huo utapata stesheni ya karibu tu, na utailaumu redio bure. Waya wa breki ya mkono uende kwenye swichi ya breki, video ionekane gari likiwa limesimama. Wa rivasi uende kwenye waya wa taa ya kurudi nyuma. Kipaza sauti cha simu kiweke juu ya kifuniko cha usukani. Usipitishe waya wake kwenye nguzo ya kioo bila kujua kama kuna mfuko wa hewa humo.

Sasa chomeka kila kitu, redio ikiwa inaning'inia kwenye kitambaa, na urudishe betri. Kimya. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: ufunguo haujaguswa, redio haijui lolote. Weka ACC. Ikiwaka, ingia kwenye menyu ya sauti na usukume yote mbele kushoto, kisha kulia, kisha nyuma, kila kona peke yake. Rudisha katikati. Besi ikiwa nyembamba kana kwamba inatoka kwenye kopo, spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Washa taa, zima ufunguo, subiri, washa tena uone kama inakumbuka. Mwisho washa injini. Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta mara nyingi ni ethi mbovu. Kwangu ilikuwa hivyo. Nilifungua skrubu, nikakwangua rangi ya chuma hadi king'ae, nikafunga upya, ukaisha.

Kufunga paneli ni kurudi ulikotoka. Nyaya zisukume chini ya redio, si nyuma yake, na lifunge fungu zima kwa tepu ya kitambaa lisigonge plastiki barabarani.

Baada ya redio ya kwanza sikutaka kulala bila kujua. Jioni, milango imefungwa na ufunguo uko mezani, nilitoa waya wa hasi wa betri na kuweka mita kati yake na betri, ncha nyekundu ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Ukiwa hivyo usifungue mlango wala kuwasha gari, fyuzi ya mita inaweza kukatika. Mwanzoni ilisoma juu kidogo, gari likiwa bado linajipanga kulala. Tulisimama pale kama robo saa, mimi na shemeji, tukiangalia namba ikishuka, hadi ikasimama kwenye ampea 0.03. "Hiyo ni nzuri au mbaya?" akauliza. Nikamwambia ni ya saa na kumbukumbu tu. Akarudisha waya mwenyewe, akafunga boneti.