Unakwenda Kivu, mashariki mwa Kongo (DRC), kama mwanaanthropolojia? Yapange haya kwanza

Kadi ya homa ya manjano, bima inayolipia kuhamishwa kwa ndege, dola safi: hayo mtu mzima haambiwi. Noti iliyochanika hata ncha tu, mjini Beni hawaipokei. Vibali viulizie upya kila safari. Tangu waasi wa M23 wauchukue mji wa Goma Januari 2025, karatasi yenye mhuri wa Kinshasa inaweza kukuvusha kizuizi kimoja na kukuponza kinachofuata.

Mkataba usome kabla hujatia sahihi. Shirika linalokuajiri litataka upesi kujua kwa nini watu wanakataa chanjo. Uliza nani atasoma maandishi yako ghafi, na kama wenye silaha wanaolinda msafara nao watayaona. Shirika likizungukazunguka, usitie sahihi.

Sasa sikiliza hili la gari. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, iliua watu 2,287, na bado Beni na Butembo wengi waliiita biashara. Si ujinga. Tangu 2014 walikuwa wakichinjwa mashambani na hawakuona misafara ya namna ile ikija kuwaokoa. Desemba 2018 wakaambiwa uchaguzi wao umesogezwa hadi Machi kwa sababu ya Ebola. Januari rais mpya akaapishwa bila kura zao. Katika joto hilo nilimwona mtafiti mmoja akiteremka kwenye gari la riposti, kikosi cha kupambana na Ebola, polisi wenye bunduki nyuma yake, mbele ya nyumba ya mama mfiwa. Alihoji, akaandika, akaaga kwa adabu zote. Jioni majirani wakamuuliza mama: wamekupa ngapi? Usiku mawe yakaanza kuanguka juu ya bati. Mama akahama mtaa na watoto wake. Ripoti ilipotoka ilisifu ushirikiano mzuri wa jamii.

Basi shukia mbali, tembea kwa miguu, pita kwanza kwa kiongozi wa nyumba kumi. Mahali pa mazungumzo apachague mwenyeji: kanisani, sokoni, shambani, popote ambapo hataulizwa baadaye.

Mengine ni ya kila siku. Majina ya watu yasikae kwenye simu. Mkalimani awe na bima kama yako, maana yeye anabaki. Usipige picha karibu na kambi ya jeshi, usiingilie mabishano ya ardhi, usipande gari la mwenye sare, usikutwe njiani jioni. Na soko likifungwa mapema, usiulize sababu, rudi ulikofikia.