Kabla ya Kung'oa Masega ya Gari Lako

Magari ya petroli yanayoletwa Unguja na Pemba kutoka Japani, yawe Noah au IST, huja na masega kwenye njia ya ekzosi: kopo la chuma lenye kauri ya matundu membamba, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo hugeuza kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni kuwa kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji na naitrojeni. Hayaanzi kazi barabara mpaka yafikie joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na huhitaji injini ichome takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli.

Taa ya injini ikiwaka, utasikia ushauri kwamba masega yang'olewe na bomba tupu lichomelewe mahali pake. Mimi siuafiki, kwa sababu masega hayafi bure. Huuliwa na hitilafu iliyo kabla yake, upande wa injini, na hitilafu hiyo itaendelea kula petroli hata yakishatolewa.

Anza kwa kuisoma kompyuta ya gari kwa mashine. Namba ya hitilafu P0420 huonesha kwamba masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Ikifuatana na P0300 au P0301 hadi P0304, injini inamisi, yaani silinda moja au zaidi haichomi petroli yake, basi shughulikia plagi na koili kwanza, kwani petroli ghafi inayotoka kwenye silinda huungulia ndani ya masega mpaka kauri ikayeyuka. Taa inayomwekamweka ni onyo la jambo hilohilo: simama, usijikaze mpaka Nungwi.

Hatua ya pili ndiyo inayopuuzwa sana, na kwetu ndiyo yenye uzito, maana hewa ya chumvi hula ekzosi haraka, hasa kwa gari linalolala ufukweni. Kagua maungio na mishono yote kati ya injini na sensa ya kwanza ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi kabla ya masega. Alama nyeusi ya masizi iliyotawanyika kama unyoya pembeni mwa muungio ni dalili ya tundu. Kisha, injini ikiwa baridi na gari likiwa uwanjani, si bandani, iwashe na mtu azibe nusu ya mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene. Mahali panapovuja patapiga mluzi. Tundu hilo halitoi moshi tu, bali baada ya kila mpigo wa injini huvuta hewa ya nje kuingia ndani. Sensa huiona oksijeni hiyo, kompyuta hudhani petroli ni pungufu, huiongeza, na masega hulemewa. Kwa hiyo gari linaweza kunuka petroli na kula mafuta huku sindano zinazopuliza petroli na pampu vikiwa vizima kabisa.

Hapo ndipo ugeukie sensa ya nyuma, iliyo baada ya masega. Gari likiwa limeshapata joto na likienda mwendo usiobadilika, usomaji wake unatakiwa kutulia karibu na volti 0.6 au 0.7; ukirukaruka kati ya 0.1 na 0.9, masega yamechoka. Yagonge taratibu kwa nyundo ya mpira yakiwa yamepoa: yakilia njuga, kauri imevunjika. Gari lisilovuta mlimani wakati halimisi huenda masega yake yameziba.

Vali ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ili uchomwe, ichomoe uitikise. Isipogonga ndani, ibadilishe, kwani ikiziba injini huanza kula oili, na majivu ya oili hufunika madini ya masega. Vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, husafishwa masizi tu. Mafuta yanapoadimika watu hujaza tangi mpaka mdomoni, na petroli hiyo huingia kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi, likaharibika. Bomba la kituo likijikata, inatosha.

Ikiwa masega yamekufa kweli, nunua mengine baada ya kuziba tundu na kubadili plagi, si kabla, na yafungwe kwa gasketi mpya. Fundi afute namba kwenye kompyuta, uliendeshe gari mwendo wa kawaida, tuseme kutoka mjini hadi Paje na kurudi, ndipo lisomwe tena.